Franka za Mtoto Mchanga Zinakwenda Wapi?



Kila juma, siku ya kupima watoto, ninakaa karibu na mizani na kuandika kilo za kila mtoto katika karatasi yake. Kazi hii nimeifanya miaka mingi. Macho yangu yamezoea kuona mambo mawili kwa mara moja: mtoto mwenyewe, na vitu alivyovikwa. Mara nyingi mambo haya mawili hayapatani.

Namwona mtoto wa miezi saba amevaa viatu vyeupe, soksi, na kofia ya sufu, chini ya jua la saa tano. Mama anamvua. Ndani ya nguo zile nzuri kuna mikono myembamba, na mizani inasema kilo tano na nusu. Nauliza, "Mama, mtoto anakula nini?" Anajibu, "Uji, muganga." "Uji wa nini?" "Wa muhogo." "Na mayai ya kuku wenu?" "Mayai tunauza, ili tupate franka za nguo za mtoto."

Hapo ndipo nataka kuanza. Watu wengi huniambia kwamba mtoto mchanga ni gharama kubwa. Ninawajibu kwamba mtoto mwenyewe anahitaji vitu vichache tu. Gharama kubwa inatoka kwa macho ya majirani. Tunaogopa kusemwa, kwa hiyo tunanunua.

Maneno yangu ya leo ni haya. Katika mwaka wa kwanza wa mtoto, tupunguze matumizi ya vitu vinavyoonwa na watu, tusipunguze vitu vinavyoingia tumboni mwake. Na franka tutakazobakiza, tuziweke mahali, zingoje usiku wa ugonjwa. Najua wengine hawatapenda maneno haya. Wanisikilize kwanza, kisha wapime wenyewe.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki kusema kama mtu asiyekosea. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nilipokuwa kijana, nimeanza tu kupata mshahara. Nilifanya karamu. Nilichinja mbuzi, nikanunua vinywaji vya sukari kwa watu wote wa mtaa, nikamwita mpiga picha. Tena nilinunua bati la maziwa na biberoni.

Bibi yangu alikuwa na maziwa ya kutosha. Aliniuliza, "Baba, maziwa haya ya bati ni ya nini?" Nikamjibu kwamba mtoto wa muganga hawezi kunyonya tu kama mtoto wa kila mtu. Nilisema hivyo, mimi niliyekuwa nafundisha mama wengine juu ya kunyonyesha! Bati lile niliweka karibu na dirisha, ili mtu akipita alione.

Mtoto akinywa biberoni, ananyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa ya mama yanapungua. Muda si mrefu tukawa hatuna njia ila kununua bati lingine, na lingine tena. Mshahara ulikwisha kabla ya mwezi kwisha. Ndipo nikafanya ubaya zaidi: nikapunguza vijiko vya unga na kuongeza maji, ili bati lidumu. Katika mwezi wa nne mtoto akaanza kuhara. Usiku wa pili macho yake yakaingia ndani, na alipolia hatukuona machozi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikatafuta franka za tukutuku ya kutupeleka hospitali, na katika nyumba ya muganga hapakuwa na franka hata moja.

Mama mmoja mzee, jirani yetu, muuza ndizi, alifungua fundo la kikwembe chake akanipa alichokuwa nacho. Akasema, "Chukua, mwanangu. Nilikula karamu yako, sasa nakurudishia." Sikuweza kumjibu.

Mtoto alipona. Mkunga wa hospitali alimsaidia bibi yangu kumweka mtoto kwenye ziwa mara nyingi, mchana na usiku, na maziwa yakarudi. Leo kijana yule ni mrefu kuliko mimi. Lakini kila nionapo bati la maziwa dirishani mwa nyumba ya mtu, nakumbuka fundo la kikwembe kile.

HESABU YA BATI LA MAZIWA

Sasa tufanye hesabu, maana wengi hununua bila kuhesabu. Mtoto anayelishwa maziwa ya bati peke yake, tangu kuzaliwa mpaka miezi sita, anahitaji karibu kilo 20 za unga wa maziwa. Hayo ni mabati 50 ya gramu 400. Uliza bei ya bati moja katika soko lako, kisha ihesabu mara 50. Ongeza makaa au kuni za kuchemsha maji kila mara. Ongeza sabuni ya kuosha biberoni, na franka za hospitali, kwa sababu mtoto wa biberoni huhara mara nyingi kuliko mtoto anayenyonya. Mwenye shamba dogo au kazi ndogo hawezi kuendesha hesabu hii mpaka mwisho. Ataanza kuongeza maji, kama nilivyofanya mimi.

Maziwa ya mama hayanunuliwi. Mtoto awekwe kwenye ziwa katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya kwanza, ya rangi ya manjano, yasimwagwe, maana yanamkinga na magonjwa. Mpaka miezi sita itimie, anyonye tu, bila maji, bila uji, bila chai, hata wakati wa jua kali. Maji yote anayohitaji yamo katika maziwa. Baada ya miezi sita anaongezewa chakula, lakini aendelee kunyonya mpaka miaka miwili, au zaidi.

Najua kuna mtoto ambaye mama yake amekufa, na kuna mama mgonjwa sana. Hao wasione haya kwa maneno yangu. Waje hospitali upesi, tutafute njia pamoja nao. Na mama mwenye virusi vya ukimwi asiache kunyonyesha kwa hofu yake tu. Akipewa dawa na kuzimeza kila siku, anaweza kunyonyesha. Aulize muganga wake, naye atamwongoza. Ninayemkemea ni yule mwenye maziwa anayenunua bati kwa ajili ya heshima.

MLISHENI MAMA

Baba wengine wakisikia kwamba maziwa ya mama ni ya bure, wanafurahi na kufunga mfuko. Sivyo! Maziwa yanatoka katika mwili wa mama. Mama anayenyonyesha anahitaji kama chakula kimoja kidogo zaidi ya vyakula vyake vya kila siku. Mpe maharagi, sombe na lengalenga, ndagala, karanga, mafuta ya ngazi, matunda ya msimu. Baba akitumia sehemu ndogo ya franka za bati kwa sahani ya mama, amelisha watu wawili.

Tena mwangalieni mzigo anaoubeba. Katika kijiji changu nimeona mama wa majuma matatu akirudi shamba na kuni kichwani na mtoto mgongoni, huku bwana yake anakaa chini ya mti na wenzake. Kazi ikizidi, mama hapati nafasi ya kunyonyesha, wala ya kupumzika. Kuchota maji kwa miezi michache hakumfanyi baba kuwa mdogo.

NGUO NA KARAMU

Mtoto mchanga anakua upesi. Nguo iliyonunuliwa kwa mwezi wa kwanza haimtoshi mwezi wa nne. Kwa nini basi kila nyumba inunue mpya? Katika makanisa mengine mama wana mzigo mmoja wa nguo za watoto. Mwenye kuzaa anaupokea, anautumia, anaufua vizuri, kisha anampa mwenzake. Hakuna haya katika jambo hilo. Vikwembe vya zamani, vilivyokatwa na kushonwa pembeni, vinafaa sana kuwa vitambaa vya mtoto. Vioshwe kwa sabuni, vikauke kabisa juani, visianikwe chini. Kisha vipigwe pasi ya makaa, hata kwenye mishono. Kuna inzi anayetaga mayai katika nguo yenye unyevu, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya majipu. Moto wa pasi unaua mayai hayo.

Unga wa kunukia hauhitajiwi. Mtoto anauvuta puani, nao unaweza kuumiza kifua chake. Maji safi na sabuni ya kawaida yatosha.

Na karamu? Sisemi tusifurahi. Mtoto ni zawadi, na watu wanapenda kuja kumwona. Lakini naomba jambo moja. Wageni wanaotaka kuleta zawadi, waambieni wazi: leteni kuku jike, au kipande cha sabuni, au kilo ya soya. Kuku mmoja aliyeletwa wakati wa kuzaliwa ataanza kutoa mayai, na mtoto akifika miezi sita mayai hayo yatakuwa yake. Kofia ya sufu haitagi.

AKIBA YA UJINGA

Kuna kuweka akiba kwa hekima, na kuna kuweka akiba kwa ujinga. Hii ya pili inaua watoto wengi, nami nataka kuitaja waziwazi.

Wa kwanza ni yule anayeuza mayai yote, maharagi yote na karanga zote, akabakiza muhogo kwa mtoto. Muhogo unajaza tumbo, lakini haujengi mwili. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zake zinageuka rangi, hataki kucheza. Sisi watu wa Kivu tunaujua vizuri ugonjwa huu, kwashiorkor. Matibabu yake ni majuma mengi, na mama anaacha shamba lake muda huo wote. Je, bei ya mayai yale imefaa kitu? Baada ya miezi sita, mpe mtoto uji mzito wa mahindi au mtama, uliochanganywa na soya iliyokaangwa vizuri na kusagwa, au karanga safi zisizo na kuvu, au unga wa ndagala zilizokauka. Anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, kisha ongeza. Akifika miezi tisa ale mara tatu au nne.

Wa pili ni yule anayegawa dawa. Muganga ameandika dawa ya malaria kwa siku tatu. Siku ya pili mtoto anacheza, na mama anaficha vidonge vilivyobaki kwa mtoto mwingine. Malaria inarudi, na sasa watoto wawili hawana dawa ya kutosha.

Wa tatu ni yule anayekwenda kwanza kwa mchuuzi wa dawa sokoni, au kwa mtu wa kukata kilimi, au anayemtia mtoto dawa za majani kwa nyuma kwa bomba la mpira. Anasema, "Ni bei ndogo." Lakini baada ya bei ndogo tatu au nne, mtoto anafika kwetu akiwa amechoka kabisa, na franka zilizotosha kumtibu zimekwisha njiani.

Wa nne ni yule anayengoja. Tafadhali shikeni maneno haya: mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayepumua mbiombio au kifua chake kinaingia ndani, anayelala bila kuamka vizuri, huyo haingoji kesho. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa aletwe siku ileile. Anayehara apewe maji ya chumvi na sukari mara moja, hata kabla ya safari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita kipimo, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Aendelee kunyonya. Kisha aje, tumpe na vidonge vya zinki.

VITU VYA BURE

Watu wanatafuta vya rahisi, na vya bure wanaviacha! Chanjo za watoto za serikali katika Kongo yetu hazilipiwi. Mtoto aanze anapozaliwa, arudi akiwa na majuma 6, 10 na 14, tena miezi 9 kwa surua na homa ya manjano, na siku nyingine ambazo muganga ataandika katika karatasi yake. Mtoto mmoja wa surua anayelazwa anakula akiba ya mwaka mzima. Mara nyingi chandarua chenye dawa kinatolewa pia kwa mama mwenye mimba au siku ya chanjo. Ukikipata, mtoto alale ndani yake. Usikiuze, wala usivulie samaki.

Kuna na jambo la karatasi ya kuzaliwa. Sheria inatoa siku 90 kuandikisha mtoto katika ofisi ya hali ya raia, bila malipo. Siku hizo zikipita, inatakiwa hukumu ya baraza, na hapo kuna gharama na safari nyingi. Baba, hiyo ni kazi yako. Nenda mapema.

Tena, tangu mwaka wa 2023 serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo, kwanza Kinshasa, kisha katika mikoa mingine. Uliza katika kituo chako cha afya kama mpango huo umefika kwenu, kabla ya siku ya kuzaa.

Na akiba nyingine kubwa ni kupumzisha mama. Mimba mpya isifuate haraka. Ingoje angalau miaka miwili baada ya mtoto kuzaliwa. Baba na mama waje pamoja, tuwaonyeshe njia. Mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu ya mimba nyingine ndiye tunayemwona mara nyingi katika kitanda cha kwashiorkor.

KISANDUKU CHA MTOTO

Sasa, franka zilizobakizwa ziwekwe wapi? Zikikaa mfukoni, zitakwenda. Mimi nashauri kila nyumba iwe na kisanduku cha mtoto, kianze wakati wa mimba. Weka franka 1000 kila juma. Kwa mwaka mmoja zitakuwa 52,000. Asiyeweza 1000 aweke 500, atakuwa na 26,000. Si mali nyingi, lakini inatosha kukodi tukutuku usiku na kuanza matibabu, wala hutagonga mlango wa jirani ukiwa na mtoto mikononi.

Sheria za kisanduku ni tatu. Ya kwanza, baba na mama wote wajue kilichomo. Ya pili, kisifunguliwe kwa karamu, wala kwa chupa ya kasiksi, wala kwa kumkopesha shemeji. Ya tatu, kikifunguliwa kwa ugonjwa, kianze kujazwa tena juma lile lile.

Wengine watasema, "Mimi niko katika likelemba." Ni vizuri kwa kununua mbuzi au mabati ya nyumba. Lakini homa haingoji zamu yako. Chama cha akiba cha kijiji, kile watu wanachokiita AVEC, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kinasaidia zaidi, maana kwa kawaida kina mfuko wa pembeni kwa mwenye msiba au ugonjwa. Na mahali palipo na chama cha kulipiana matibabu, ingieni mkiwa wazima.

JE, NI KUKOSA IMANI?

Ndugu mmoja aliniambia baada ya ibada, "Wewe ni mwinjilisti, nawe unafundisha watu kutegemea kisanduku. Mungu atatoa." Nilimwuliza kama Yosefu alikosa imani alipoweka nafaka ya Misri miaka saba. Akanyamaza. Mimi naamini kwamba Mungu hutoa, na mara nyingi ametoa tayari: maziwa kwa mama, kuku uani, nguvu katika mikono ya baba. Kutapanya vitu hivi, kisha kulia usiku wa ugonjwa, sikuiti imani.

Basi, baba na mama, siku ya kupima watoto ninawangoja. Mleteni mtoto wenu katika kikwembe cha zamani kilichofuliwa. Sitamcheka mtu. Nitatazama mizani, nikiona mshale umepanda tangu mwezi uliopita, nitajua franka zenu zimekwenda wapi.